Taveta na Vita Kuu ya Kwanza: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Dhana: Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda.

Hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka huo mwaka 1886, na mjukuu mwenyewe, Wilhelm, hakutawazwa hadi 1888. Makubaliano yalitaka mstari uitenganishe Taveta, mji ulioko Kenya leo, na Uchagani, kisha uupitie mlima kwa upande wa kaskazini. Taveta ikabaki kwa Waingereza, pua na mdomo na Wajerumani wa Moshi. Haishangazi kwamba Wajerumani waliiteka mapema hivyo, tarehe 15 Agosti 1914, vita kati yao na Waingereza vikiwa havijatimiza hata wiki mbili.

Dhana: Vile vilikuwa vita vya wazungu kwa wazungu.

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana hurudiwa hata na watu ambao babu zao walikuwamo. Wengi katika jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, walikuwa askari Waafrika. Waingereza nao walikuwa na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi lao la Waafrika) na vikosi vizima kutoka India.

Chukua mlima Salaita, mashariki mwa mji. Tarehe 12 Februari 1916 ulishambuliwa na wanajeshi wazungu kutoka Afrika Kusini, wageni kabisa wa nyika ile, wengi wao wakiwadharau askari weusi. Askari hao waliwatimua kwa bunduki na singe. Waliosimama imara kuwafunika wakati wa kurudi nyuma walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India. Mwezi uliofuata Wajerumani waliuacha mji, lakini kabla ya kuondoka kabisa walipigana vikali kwenye vilima vya Latema na Reata, usiku wa Machi 11 kuamkia 12.

Na hapo wapagazi hatujawagusa. Chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na watu, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu. Wengi waliandikishwa kwa nguvu. Waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia laki moja, na kilichowaua zaidi hakikuwa risasi bali kuhara damu, malaria na chakula duni.

Dhana: Makaburi ya kijeshi yanaonyesha nani alikufa hapa.

Yanaonyesha nani aliandikwa jina. Makaburi ya Taveta, Maktau na Voi yametunzwa vizuri, na ni haki yao waliolala pale. Mpagazi wa kawaida hakuwekewa jiwe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo idadi ya mawe usiichukue kuwa hesabu ya waliokufa.

Dhana: Reli ya Voi hadi Taveta ilijengwa kwa ajili ya mkonge.

Mkonge uliikuta. Reli ilianza mwaka 1915 ili kusafirisha jeshi, ikafika Maktau mwezi Juni, na mwaka 1916 ikaungana na ile ya Tanga–Moshi pale Kahe.

Dhana: Wajerumani walizika dhahabu vilimani.

Mashimo ya watafutaji nimeyasikia yakizungumzwa kwa heshima kuliko makaburi. Sarafu za dhahabu za Wajerumani wa Afrika Mashariki zipo kweli: za rupia 15, zaidi ya 16,000, zilizotengenezwa katika karakana ya reli ya Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini zilitengenezwa mwaka 1916 baada ya Taveta kuponyoka mikononi mwao, na kutoka hapo walizidi kurudi kusini, hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.