Kizimba cha mazoezi cha mtoto wa mbwa ni nini?

Kizimba cha mazoezi ni uzio mdogo wa kukunjika, usio na sakafu na mara nyingi usio na paa, anaozungushiwa mtoto wa mbwa ndani ya nyumba au uani ili awe na eneo lake. Huundwa kwa paneli, aghalabu nane, zilizoshikana kwa bawaba, na mojawapo huwa na mlango. Kisipohitajika hukunjwa na kuegemezwa ukutani.

Jina lake linapotosha kidogo. Mtu akisikia "mazoezi" hudhani kwamba mbwa akishakaa humo amekwisha fanya mazoezi ya siku. Sivyo. Humo atanyoosha miguu, atatafuna kitu chake, atalala. Kumchezesha, kumtembeza na kumzoesha watu kunabaki kuwa kazi yako. Faida ya kizimba ni nyingine kabisa: ni mahali asipoweza kukosea wala kuumia wakati macho yako yapo kwenye jambo jingine. Nyaya za umeme, viatu na sumu ya panya viko nje, yeye yuko ndani.

Kisichanganywe na tundu la kulalia, ambalo huwa na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu. Mbwa mchanga hawezi kubana mkojo kwa muda mrefu. Kipimo cha makadirio ni saa moja kwa kila mwezi wa umri, uongeze moja, kwa hiyo wa miezi 2 anafika saa 3 hivi, na wengine hawafiki. Ukimfungia kwenye tundu kupita hapo, unamlazimisha kuchafua anapolala. Kizimba kina nafasi ya kitanda upande mmoja na pa kujisaidia upande wa pili.

Unapochagua, mfikirie mbwa atakavyokuwa baada ya miezi mitatu. Kimo cha sentimita 60 humtosha wa aina ndogo. Wa aina kubwa atakiruka mapema, hivyo anza na 90 au zaidi. Fito za wima ni bora kuliko za mlalo, kwa sababu za mlalo humfaa kama ngazi. Nafasi kati ya fito iwe finyu kiasi kwamba kichwa hakipenyi. Vya kitambaa ni vyepesi kubeba safarini, ila mbwa anayeota meno huvitoboa.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni umbo. Chukua paneli nane zenye upana wa sentimita 60. Ukizipanga mraba, unapata eneo la mita za mraba 1.4 hivi. Zikunjue ziwe pembe nane, linakuwa 1.7. Zitegemeze kwenye ukuta mmoja, paneli mbili zikitoka, nne zikienda sambamba na ukuta, mbili zikirudi, na unafika 2.9. Kwenye kona ya chumba, nne kwa nne, ni 5.8, yaani mara nne ya ule mraba kwa uzio uleule! Lakini ncha zinazogusa ukuta lazima zifungwe imara, la sivyo mbwa atazisukuma kwa pua na kupita. Hakikisha pia kwamba ukuta huo hauna soketi anayoweza kuifikia.

Mvue ukosi kabla ya kumwacha peke yake humo. Nasisitiza hili, kwa sababu ukosi ukinasa kwenye fito au kwenye komeo, mbwa hupaparika na anaweza kujinyonga.

Siku za mwanzo mlango uwe wazi. Mpe chakula humo, kaa naye, ondoka dakika moja, rudi. Akilia, kwanza jiulize kama anataka kujisaidia au ana kiu; mwenye shida ya kweli hapaswi kupuuzwa. Usimweke humo kwa hasira baada ya kuharibu kitu, maana ataanza kukiogopa. Pia usimsahau humo: kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa hujifunza kwamba watu, sauti na vitu vigeni si hatari.

Kama unakisimika nje, kumbuka kwamba uzio haumkingi na ugonjwa ulio ardhini. Virusi vya pavo, vinavyoleta ugonjwa mkali wa kuharisha na kutapika kwa watoto wa mbwa, hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, na chanjo za utotoni hukamilika akiwa na wiki 16 au zaidi. Kabla ya hapo, usikiweke mahali ambapo mbwa wengine usiojua hali ya chanjo zao wamepita. Nje pia kiwe chini ya kivuli kinachodumu, kwani kivuli cha asubuhi huhama, naye hawezi kukifuata.