Vilele vya mawimbi vinapokutana: kutoka bamvua ya Tanga hadi utafiti wa hisabati wa leo

Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji katika Bandari ya Tanga huwa kazi ya wanahisabati kabla halijafika mikononi mwa manahodha. Kila kimo cha maji kinachoandikwa humo hupatikana kwa kujumlisha mawimbi sahili mengi, ambayo kila moja lina kipindi chake kisichobadilika na asili yake katika mwendo wa Mwezi au wa Jua. Mimi hufundisha na kufanya hesabu za namna hii, na swali ninaloulizwa mara nyingi, si na wanafunzi tu bali hata na wahandisi, ni kama katika hisabati bado kumebaki jambo la kutafiti, kwa maana wengi huiona kuwa elimu iliyokwisha kukamilika zamani. Nitajibu kwa kuanzia kwenye maji ya ghuba yetu, kwa sababu swali linaloonekana pale, yaani ni mara ngapi vilele vya mawimbi mengi vinaweza kukutana mahali pamoja, ndilo lililo nyuma ya baadhi ya matokeo makubwa yaliyotangazwa tangu mwaka 2024.

Wimbi kuu katika pwani yetu, ambalo wataalamu huliandika M2, hutokana na Mwezi na lina kipindi cha saa 12 na dakika 25. La pili, S2, hutokana na Jua na lina kipindi cha saa 12 kamili. Kwa kuwa vipindi hivyo vimekaribiana bila kulingana, mawimbi haya mawili hupishana polepole: siku chache yanakwenda pamoja, kisha moja linachelewa mpaka kilele chake kinaangukia kwenye bonde la mwenzake. Ukifanya hesabu utaona kwamba huchukua siku 14.77 kurudi sambamba, na hiyo ndiyo sababu bamvua hutufikia karibu na mwezi mwandamo na tena karibu na mwezi mpevu, maji yakipanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, ilhali maji mafu huangukia katikati. Wakulima wa mwani na wanaokwenda kutafuta pweza miambani wanaijua kalenda hii bila kuhitaji fomula yoyote.

Mawimbi mawili hayatoshi. Kuna N2, linalotokana na Mwezi kukaribia na kuwa mbali na Dunia. Kuna K1 na O1, yenye vipindi vya karibu siku moja. Na mwaka 1921 Mwingereza Arthur Doodson aliorodhesha viambajengo vya namna hiyo karibu 400. Zaidi ya hapo, maji yanapoingia kwenye kina kifupi, kama pale mto Mkulumuzi unapokutana na mikoko, wimbi hupoteza ulinganifu wake, sehemu ya juu ikisafiri upesi kuliko ya chini, na M2 huzaa wimbi jipya lenye nusu ya kipindi chake, M4. Hili la mwisho halitokani na gimba lolote la angani, bali huzaliwa na milinganyo ya mwendo wa maji yenyewe, ambayo si ya mstari.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba katika kazi ya maji tumepewa zawadi kubwa: falaki inatuambia vipindi vyote mapema, nasi tunabaki kutafuta ukubwa wa kila wimbi na saa linapofikia kilele. Hata hivyo kuna mpaka usioweza kurukwa kwa njia ya kawaida. Ili kutenganisha M2 na S2 unahitaji vipimo vya takriban siku 15, na ili kutenganisha S2 na kiambajengo kiitwacho K2 unahitaji takriban miezi sita, kwa sababu vipindi vyao vimekaribiana mno. Mtu akikuletea vipimo vya juma moja na kudai amepata vyote vitatu, mwombe akueleze ameongeza dhana gani juu ya vipimo hivyo.

Wazo la kuvunja mchoro wowote kuwa mawimbi sahili ni la Mfaransa Joseph Fourier, aliyeliwasilisha mwaka 1807 alipokuwa akichunguza jinsi joto linavyosambaa katika vitu. Mwanahisabati mwenzake Lagrange hakuridhika nalo, na alikuwa na sababu: nani amesema kwamba ukiyajumlisha mawimbi hayo tena utaurudia mchoro ulioanza nao? Swali hili, ambalo mhandisi angeliona la kiudhia, lilichukua zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1923 Andrey Kolmogorov alitoa mfano wa mchoro ambao jumla ya mawimbi yake haitulii karibu popote, na watu wengi wakaanza kukata tamaa, hadi mwaka 1966 Lennart Carleson wa Sweden alipothibitisha kwamba kwa michoro yote ambayo nishati yake ina kikomo, ikiwemo michoro ya maji na ya sauti, jumla hiyo hurudi ilikotoka karibu kila mahali. Uthibitisho wa Carleson ulikuwa mgumu kiasi kwamba waliousoma mpaka mwisho walikuwa wachache. Mwaka 2025 kundi lililoongozwa kutoka Bonn, Ujerumani, lilikamilisha kuuandika uthibitisho wa toleo pana la nadharia hiyo katika Lean, programu ambayo kompyuta hukagua ndani yake kila hatua ya hoja bila kukubali neno «ni dhahiri». Ninaiona njia hii kuwa badiliko kubwa la kazi yetu kuliko makelele yote yanayopigwa kuhusu mashine zinazojibu maswali ya mitihani, kwa sababu hoja ndefu sasa inaweza kugawanywa vipandevipande miongoni mwa watu wasiowahi kuonana, na kila kipande kikaaminika.

Nirudi kwenye vipimo vichache. Tuseme hatujui vipindi mapema, lakini tunajua kwamba mawimbi yenye uzito ni machache. Miaka ya 2004 hadi 2006 Emmanuel Candès, Justin Romberg na Terence Tao, na kwa upande wake David Donoho, walionyesha kwamba katika hali hiyo inawezekana kuyarudisha yote kwa vipimo vichache sana, mradi nyakati za kupima zichaguliwe kwa bahati nasibu badala ya kupangwa kwa vipindi sawa. Sababu inafaa kuelezwa: ukipima kwa vipindi sawa, wimbi lisilokuwapo linaweza kupita kwenye nukta zako zote na kujifanya la kweli, ukipima kwa nasibu, mawimbi ya uongo hayapati nafasi ya kukutanisha vilele vyao, hivyo hubaki kama ukungu mwembamba na lile la kweli hujitokeza. Matumizi yake yanayojulikana zaidi yako hospitalini, katika mashine za kupiga picha za mwili kwa sumaku, ambako mgonjwa hulala ndani ya mashine kwa muda mfupi zaidi.

Sasa niingie mahali ambapo hakuna bahari kabisa. Namba tasa, yaani 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, zinaonekana kutawanyika bila mpango. Mwaka 1859 Bernhard Riemann alieleza kwamba idadi ya namba tasa zilizo chini ya kiwango fulani inaweza kuandikwa kuwa mchoro mlaini ulioongezewa mawimbi yasiyo na mwisho wa idadi. Masafa ya mawimbi hayo hutokana na sifuri za fomula iitwayo zeta: la kwanza ni takriban 14.13, la pili 21.02, la tatu 25.01. Aliyezoea orodha ya M2, S2 na N2 ataitambua sura ya orodha hii mara moja, isipokuwa kwamba hapa hakuna Mwezi wa kutuambia masafa hayo yanatoka wapi.

Nadharia tete ya Riemann husema kwamba hakuna wimbi hata moja kati ya hayo linalokua kwa kasi kuliko wenzake. Dave Platt na Tim Trudgian walikagua kwa kompyuta sifuri zote hadi kimo cha trilioni 3 bila kukuta mwasi, lakini ukaguzi si uthibitisho. Kwa kuwa uthibitisho haujapatikana, watafiti huuliza swali la unyenyekevu zaidi: kama waasi wapo, wanaweza kuwa wengi kiasi gani? Jibu la Albert Ingham la mwaka 1940 lilibaki bila kuboreshwa katika sehemu yake nyeti zaidi kwa zaidi ya miaka 80. Mwezi Mei 2024 Larry Guth na James Maynard waliliboresha.

Njia waliyopita ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Waasi wote hulazimisha jumla fulani ya mawimbi kuwa kubwa kupita kiasi, kwa hiyo kuwahesabu waasi ni kuhesabu mara ambazo mawimbi mengi, yenye masafa yanayofuata logi za namba 1, 2, 3 na kuendelea, yanaweza kukutanisha vilele vyao. Hilo ni swali la bamvua, ila lina viambajengo maelfu kwa maelfu, wala hakuna siku 14.77 za kuyarudisha sambamba. Guth alitoka katika uchanganuzi wa mawimbi, Maynard katika namba tasa, na inaonekana kwamba tatizo lilikuwa likimngoja mtu wa kila upande. Tunda mojawapo ni hili: tangu kazi ya Martin Huxley ya mwaka 1972 tulijua kwamba karibu na namba kubwa x, kipande chenye urefu unaozidi kidogo x kwa kipeo cha 7/12 lazima kiwe na namba tasa kwa idadi inayotarajiwa. Sasa kipeo kimeshuka hadi 17/30. Ili kupata picha tu, chukua x kuwa trilioni moja: kipande hupungua kutoka milioni 10 hadi takriban milioni 6.3, na kama nadharia ya Riemann ni kweli kingetosha kinachozidi kidogo milioni moja. Mtu asiye wa fani anaweza kuona kwamba kupungua huko ni kudogo. Kwetu sisi ni ukuta uliosogea baada ya nusu karne.

Habari ya pili ya aina hii ilitoka Februari 2025, na mwanzo wake ni sindano. Mwaka 1917 Mjapani Sōichi Kakeya aliuliza eneo dogo kabisa ambamo sindano yenye urefu wa kizio kimoja inaweza kugeuzwa kuelekea kila upande. Duara lenye kipenyo cha 1, ambalo eneo lake ni 0.785, linatosha, na umbo lenye pembe tatu zilizobonyea ndani linatosha kwa nusu ya hapo. Abram Besicovitch akaonyesha kwamba hakuna eneo dogo kabisa: unaweza kulipunguza upendavyo. Lililobaki ni kujua kama mkusanyiko wenye sindano za kila uelekeo, japokuwa ujazo wake waweza kuwa sifuri, bado una dimensheni kamili ya nafasi uliyomo; dimensheni hapa ni kipimo cha jinsi mkusanyiko unavyoijaza nafasi, nayo yaweza kuwa sehemu. Katika bapa, Roy Davies alithibitisha hivyo mwaka 1971. Katika nafasi ya dimensheni tatu, Thomas Wolff alifika 5/2 mwaka 1995, na hatua zilizofuata zilikuwa ndogo mno, mpaka Hong Wang na Joshua Zahl walipotoa andiko la kurasa 127 lenye uthibitisho kwamba ni 3 kamili.

Uhusiano wa sindano na mawimbi si wa mapambo. Ukikata wimbi linalosafiri kuwa vifurushi, kila kifurushi hupita ndani ya mrija mwembamba wenye uelekeo wake, na nishati hurundikana pale ambapo mirija mingi inapishana. Kujua mirija ya kila uelekeo inaweza kubanana kiasi gani ni kujua nishati inaweza kurundikana kiasi gani. Charles Fefferman alilitumia jambo hilo mwaka 1971, alipochukua umbo la Besicovitch na kuangusha kwa hilo dhana iliyokuwa ikipendwa kuhusu kukata masafa kwa umbo la mviringo. Katika vitabu vya masomo hisabati hugawanywa kuwa halisi na tumizi. Kwa maoni yangu mgawanyo huo unasaidia zaidi kupanga ratiba za vyuo kuliko kueleza kazi kama hii, ambayo mtu wa mawimbi ya bahari na mtu wa namba tasa huisoma kwa hamu ileile.

Kisio la Kakeya, yaani dai hilo la dimensheni kamili lililoaminiwa kabla ya kuthibitishwa, limefungwa hadi dimensheni tatu tu. Kuanzia nne bado liko wazi. Juu yake limesimama kisio la Elias Stein kuhusu mawimbi ambayo masafa yake yako kwenye tabaka lililopinda, kama uso wa tufe, nalo halijathibitishwa hata katika dimensheni tatu. Mojawapo ya njia zilizotumainiwa kutoka kwa Kakeya kwenda huko ilipitia kisio la miaka ya 1980 linaloitwa la Mizohata na Takeuchi, kuhusu jinsi mawimbi hayo yanavyojipanga kandokando ya mistari. Februari hiyohiyo ya 2025, Hannah Cairo, akiwa na umri wa miaka 17, alitoa mfano unaolikanusha. Toleo lake dhaifu, linaloruhusu upungufu mdogo unaokua polepole kadiri ukubwa wa nafasi unavyoongezeka, halijakanushwa na mfano huo, na baadhi ya wanaoshughulikia kisio la Stein sasa wanachunguza kama toleo hilo litatosha kubeba mzigo uliokuwa umekusudiwa kwa lile la awali.