Mita 1,699 si mlima mdogo

Swali hili limenijia tena wiki hii, na safari hii nalijibu hadharani badala ya kumjibu mtu mmoja mmoja. Huja hivi: "Nimeangalia ramani, huo Mlima Lozère ni mita 1,699 tu. Mimi nimefika kilele cha Kilimanjaro. Nitafutie njia nyeusi ya baiskeli, ile ngumu kuliko zote."

Sitakutafutia.

Lozère iko kusini mwa Ufaransa, kwenye pembe ya kusini ya milima ya Massif Central. Ndio mkoa wenye watu wachache kuliko yote ya Ufaransa bara, kama 77,000 hivi, na ndiko ninakofanya kazi ya kuongoza wageni kwa baiskeli za mlimani. Ile njia ndefu ya baiskeli za mlimani iitwayo GTMC (Grande Traversée du Massif Central), inayotoka Avallon hadi Cap d'Agde kwenye Bahari ya Mediterania, kilomita 1,400 hivi, hupita kwetu. Karibu kila mtu aliyekulia jirani na mlima mrefu hufika na hesabu ileile kichwani, kwamba kilele kikiwa kifupi njia ni nyepesi. Watu wa Alps nao wanayo, tena kwa majivuno zaidi. Imenichosha, kwa sababu ndiyo inayowaacha watu wameishiwa nguvu saa nane mchana mahali ambapo simu haishiki.

Tufanye hesabu vizuri. Nairobi iko takriban mita 1,795 kutoka usawa wa bahari. Anayekunywa chai katikati ya jiji lile yuko juu kuliko kilele cha Finiels, ambacho ndicho kirefu kupita vyote vya Mlima Lozère. Eldoret imepita mita 2,000. Hakuna atakayeniambia kwamba kwenda sokoni Eldoret kunachosha kuliko kupanda Finiels kwa baiskeli. Kilimanjaro kinachokushinda ni hewa, ndiyo maana waongoza watalii wanakuhimiza uende pole pole. Finiels hewa ipo tele. Pale unapimwa miguu, na miguu haijali kilele kina mita ngapi. Inajali ulianzia wapi, na ni mara ngapi ulishuka ukalazimika kupanda upya.

Mji mdogo wa Florac, chini ya mlima huu, uko kwenye mita 545 hivi. Kutoka hapo hadi Finiels ni mita 1,150 za kupanda hata kama njia isingeshuka popote, na inashuka. Hilo walau ramani inalionyesha. Linalonikera hasa liko upande wa magharibi, kwenye Causses.

Hizi ni nyanda za juu za mawe ya chokaa, kwenye mita 1,000 hivi, na ukiziona kwa mbali ni tambarare. Mto Tarn na mto Jonte imezikata kwa makorongo yenye kina cha mita 400 hadi 500. Sasa chukua siku moja ya kawaida: unaanzia Causse de Sauveterre, unateremka mpaka kijiji cha Sainte-Enimie kwenye ukingo wa Tarn, unapanda ukuta wa upande wa pili hadi Causse Méjean, unaikatiza Méjean yote, unateremka kijiji cha Meyrueis. Ukiuliza siku hiyo ulifika juu kiasi gani, jibu litakuwa dogo mno, hata Nairobi inalizidi kwa mbali. Lakini mlima wa kawaida hukupandisha asubuhi ukiwa na nguvu na kukushusha jioni. Korongo hukushusha kwanza, unafurahi, unapiga picha, halafu linakudai. Na ukuta ule wa Méjean unaupanda upande unaotazama kaskazini, ambako jua halifiki vizuri na chokaa hukaa na unyevu. Tairi la nyuma linazunguka bure. Wengi hushuka na kusukuma, na kusukuma baiskeli mita 500 za kwenda juu ni kazi ambayo hakuna mazoezi ya gimu yanayoiandaa. Kesho yake, ukitaka kwenda Mlima Aigoual kutoka Meyrueis, zinakungoja mita 860 nyingine.

Nikisema tuangalie jumla ya kupanda badala ya kilele, wapo wanaofikiri nimewapa jibu kamili. Sijawapa. Wageni wawili wakipita njia moja siku moja, vifaa vyao vinaweza kupishana kwa mita mia na zaidi, kwa kuwa kimoja kinapima kwa mgandamizo wa hewa, kingine kinasoma ramani ya kidijitali, na kila programu inalainisha matuta kivyake. Kibaya zaidi, mita 600 za kupanda mfululizo na mita 600 zilizogawanyika katika vipando arobaini vifupi ni siku mbili tofauti kabisa, na zote zinaandikwa 600. Vile vifupi vinaua, maana kila kimoja unakisukuma kwa nguvu zote ukidhani ndicho cha mwisho. Namna ya kuandika tofauti hiyo kwa tarakimu moja sijaipata, na sidhani kama ipo.

Halafu kuna ardhi. Mkoani hapa, katika mwendo wa siku mbili tu, unakanyaga miamba ya aina tatu. Granaiti ya Mlima Lozère ni chembe kubwa na ngumu, inashika tairi hata ikilowa, ndiyo maana mtu anapita juu ya jiwe refu kuliko yeye akajiona bingwa. Lakini granaiti ikioza inakuwa changarawe laini, na changarawe hiyo hukusanyika kwenye kona, pale pale unapotaka kufunga breki. Chokaa ikiwa kavu ni salama. Ikilowa, hasa ile iliyosuguliwa na nyayo kwa miaka mingi, simamisha baiskeli utembee. Shisti, mwamba wa matabaka, ya mabonde ya milima ya Cévennes ndiyo inayonilia tairi. Inapasuka kwa mabamba membamba, na bamba moja likisimama wima kwenye udongo linachana ubavu wa tairi kama wembe. Ile dawa ya kuzibia matundu iliyo ndani ya tairi inatoka kwa povu na haizibi kitu, maana tundu ni refu kuliko kidole. Mwezi wa Oktoba njia hizo hufunikwa na maganda ya miiba ya matunda ya mchestinati, kwa hiyo bamba lenyewe hulioni.

Ndiyo maana swali la "nijaze upepo kiasi gani?" silijibu kwa mstari mmoja. Ukipunguza upepo unashika vizuri kwenye granaiti, na saa mbili baadaye, kwenye shisti, rimu inagonga jiwe. Mimi hupunguza kidogo tu na kuvumilia mtikisiko. Wenzangu ninaowaheshimu wanapinga.

Kuhusu hali ya hewa nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayoua. Mlima Lozère uko nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta. Kwenye mita 1,400, karibu na Le Bleymard, kuna kituo cha kuteleza kwenye theluji. Mita 1,400 Kenya ni mahali pa kulima mahindi. Kwenye vijiji vidogo vya mlima huu, Serviès, Les Sagnes na Oultet kwa mfano, bado kuna minara midogo ya mawe yenye kengele. Dhoruba ya theluji ikivuma, wanakijiji waliipiga kengele ili aliyepotea juu afuate sauti. Kwenye njia ya zamani inayovuka mlima zimesimamishwa nguzo za granaiti kwa ajili hiyo hiyo. Watu hawajengi minara ya uokozi kwa ajili ya kilima. Na vuli inapofika, hewa yenye unyevu kutoka Mediterania hugonga Cévennes na kumwaga mvua isiyo na kipimo. Valleraugue, chini ya Aigoual, ilipata takriban milimita 950 katika tukio moja la Septemba 1900. Njia unayoteremka kwa baiskeli ndiyo njia ambayo maji hayo hupita.

Turudi kwenye ile "njia nyeusi". Shirikisho la Baiskeli la Ufaransa lina rangi nne za ugumu wa njia, kutoka nyepesi hadi ngumu: kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, na kibao chake ni pembetatu na duara mbili. Aliyezoea vituo vya kuteremkia vyenye lifti anajua nyeusi ni mteremko mkali, miruko na mawe. Kwenye njia zetu za kuzunguka, rangi moja inabeba umbali, kupanda na ufundi kwa pamoja. Njia inaweza kuwa nyekundu kwa sababu ni ndefu kwenye barabara ya shamba ambayo mtoto angeipita, au kwa sababu ni fupi na imejaa ngazi za mawe. Rangi haikuambii ni ipi kati ya hizo. Nimewahi kubishana sana na wanaotia alama kwamba tungetumia alama mbili, moja ya mapafu na moja ya mikono. Wananijibu kwamba mgeni hatasoma mbili, na sina hakika kwamba wanakosea.

Jambo la mbwa ni la haraka. Kuanzia Juni makundi ya kondoo hupandishwa mlimani kwa mapito yao ya kale, yanayoitwa draille, na mengi ya mapito hayo ndiyo tunayopita sisi. Mbwa weupe wakubwa wanaolinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu hawajui baiskeli ni nini. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti ya kawaida, tembea ukilizunguka kundi kwa mbali. Usikimbie kamwe.

Basi anayetaka kuja asiniandikie amefika kilele gani. Aniandikie siku yake ngumu zaidi ya mwezi uliopita alipanda jumla ya mita ngapi, juu ya ardhi ya namna gani, na kama kesho yake aliweza kupanda tena. Juni na Septemba mwanzoni ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti sipeleki mtu kwenye Causse Méjean baada ya saa tano asubuhi: kivuli hakuna, na chokaa inanyonya maji yote, kwa hiyo hutakuta kijito. Yale madimbwi ya duara yaliyosakafiwa kwa mawe ni ya kondoo. Beba lita tatu.