RAM sio dawa ya kila gemu inayokwama
Vijana wengi huku Malindi gemu ikianza kukwama wanakimbilia kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na hapo ndo pesa inapotea. RAM ikitosha imetosha jamani, kama unayo GB 16 na gemu inakula 10, kuweka 32 hakubadilishi kitu. Kabla hujatoa hata shilingi bonyeza Ctrl+Shift+Esc ukiwa unacheza, Task Manager ya Windows ifunguke, uangalie sehemu ya Performance, GPU ikigonga karibu 100% basi kadi ya grafiksi ndo imeelemewa, ila ikikaa 50% na hujaweka kikomo cha fremu (picha zinazoonyeshwa kila sekunde), mara nyingi prosesa (CPU) ndo inabana. SSD, ile diski ya kasi, inaharakisha kufungua gemu tu, fremu karibu zilezile. Na hili joto letu la pwani, safisha feni vumbi kwanza, bure kabisa! Ila kama una kijiti kimoja tu cha RAM cha GB 8, hapo kweli ongeza cha pili.