Magaga na sugu za miguu: nitumie nini nyumbani?

Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na akina mama wa Paje na Jambiani, hapa Zanzibar, wanaoshinda kwenye mwani, na pia na wasichana wanaotaka visigino viwe laini kabla ya kutiwa hina ya harusi. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu wakishavua ndara mbele yangu.

Naoga kila siku. Mbona kisigino kigumu hivi?

Sugu si uchafu. Ngozi ikisuguliwa au kukandamizwa mahali pamoja, hujiongezea unene ili ijikinge. Mchuma karafuu wa Pemba anayepanda mti peku unyayo wake hauwezi kuwa kama wa karani. Tena nyayo hazina tezi za mafuta kama sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo hukauka upesi. Ndara na makubadhi viko wazi nyuma, basi kila unapokanyaga kisigino hutanuka pembeni. Ngozi kavu ikitanuliwa hupasuka, na hayo ndiyo magaga.

Kifaa gani kinafaa?

Mimi nachagua jiwe la kusugulia miguu. Lile halisi ni la volkano, limejaa matundu ya hewa hata majini huelea. Krakatau ya Indonesia ilipolipuka mwaka 1883, mawe ya namna hii yalielea yakavuka Bahari ya Hindi mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Visiwa vyetu ni vya matumbawe, na tumbawe lina ncha, linakata. Usilifanye jiwe la miguu hata likiwa limejaa pwani. Tupa ya miguu yenye msasa nayo inafaa, anza na upande ulio laini. Mashine za betri sizipendi kwa anayeanza, maana zinakula ngozi kabla hujahisi.

Nisugue vipi?

Loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, dakika kumi zinatosha. Jiwe nalo lilowanishe, kisha sugua polepole kwa mkono mwepesi. Usitake kuimaliza sugu siku moja. Ukiona wekundu au ukihisi moto, acha, kwani ngozi iliyochunwa sana huuma na hurudi nene. Mara mbili kwa wiki yatosha. Futa maji, khasa katikati ya vidole, na ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo paka mafuta ya mgando au ya nazi, ila si katikati ya vidole, kisha vaa soksi za pamba ulale. Kama magaga ni makaidi kweli, uliza duka la dawa krimu yenye yuria. Hulainisha ile ngozi ngumu yenyewe. Watu hununua jiwe wakasahau mafuta, na mafuta ndiyo yenye kazi kubwa.

Jiwe lako liwe lako peke yako. Lioshe, lianike juani. Fangasi wa miguu huhama kwa kuazimana.

Jirani yangu hukata sugu kwa wembe. Vibaya?

Vibaya sana. Mama mmoja alikuja kisigino amekifunga kwa kipande cha leso. Alikuwa amekata kwa wembe jioni, asubuhi akashuka baharini kufunga mwani. Nilipofungua, ndani ya kidonda mlikuwa na mchanga. Kidonda cha namna hiyo huingiza vijidudu, pamoja na vya pepopunda. Mwenye kidonda kama hicho aende kituo cha afya akasafishwe na aulizie chanjo.

Na ndimu kwa chumvi?

Kwenye magaga yaliyopasuka itakuchoma bure. Na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua yaweza kuungua na kuacha madoa meusi.

Nina kisukari. Nami nisugue?

Hapana, bibi yangu, usijisugue mwenyewe mpaka mtaalamu auone mguu wako. Kisukari huweza kuua hisia za nyayo. Jiwe likakuchuna nawe usijue, na kidonda kikachelewa kupona. Wewe paka mafuta, usiende peku, na kila usiku tazama nyayo kwa kioo au mwambie mjukuu akutazamie. Akiona kidonda, uvimbe, usaha au weusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama huumwi.