Kabla ya kununua tabo nyingine, fungua ile bolti

"Fundi, tabo imekufa tena."

Aliyeniambia hivyo alikuwa na Subaru Forester ya 2004, injini ya EJ20 yenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, na neno lililonishtua ni lile la mwisho. Hiyo ilikuwa tabo ya pili ndani ya miezi minne. Ya kwanza ilipokufa, gereji aliyoipelekea gari ilimfungia nyingine ya mtumba kutoka Japani, ikamwaga oili, ikamning'inizia kadi mpya ya kilomita za kubadilisha oili, akaenda zake. Sasa gari lilikuwa linatoa moshi wa buluu, na kila akikanyaga mafuta linalia kama king'ora kilicho mbali.

Tabo yenyewe sikuigusa kwanza. Nilianzia nyuma ya hedi ya kulia, yaani kichwa cha silinda, pale inapotokea paipu nyembamba inayoipelekea tabo oili. Paipu hiyo imeshikwa na bolti yenye tundu katikati, na kwenye nyingi ya injini hizi za EJ, ndani ya bolti mna kichujio cha wavu, kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho. Nilikitoa kwa koleo. Kilikuwa cheusi tititi. Nikakielekeza kwenye taa, hakuna hata nukta ya mwanga iliyopita. Masizi yalikuwa yameganda juu yake kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na nilipojaribu kuyakwangua, wavu ukachanika. Yule bwana alikuwa amepoteza tabo mbili kwa sababu ya hicho kidude, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipo.

Ili uelewe kwa nini tundu dogo kama hilo linaua, ujue tabo inavyoishi. Ina magurudumu mawili yenye mapanga, yameunganishwa na shafti moja. Moshi wa ekzosi unalizungusha la upande wa moto, na la upande wa pili linavuta hewa na kuisukuma kwenye injini. Ukilikamua gari, shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoipiga unaweza kukaribia nyuzi 900 za Selsiasi au kuzidi. Kwenye tabo nyingi za magari haya shafti hailali juu ya gololi. Inaelea ndani ya beringi laini, ikitenganishwa na chuma kwa utando wa oili tu, mwembamba kuliko unywele. Oili hiyohiyo ndiyo inayobeba joto na kuliondoa. Ikikatika sekunde chache shafti ikiwa kwenye kasi, chuma hukutana na chuma.

Na oili huharibika kwa joto kabla haijaharibika kwa umbali. Hapo ndipo ninapogombana na ile kadi inayoning'inizwa. Inasema kilomita 5,000, na mwenye gari anaisoma kama sheria. Sasa fanya hesabu. Anayetoka Rongai, nje kidogo ya Nairobi, kuingia mjini asubuhi na kurudi jioni, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa, atafikisha kilomita 5,000 baada ya injini kuunguruma saa 333. Anayekwenda na kurudi Mombasa kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa atafikisha umbali uleule kwa saa 62 na nusu. Kadi ni moja, lakini oili ya wa kwanza imepikwa zaidi ya mara tano, tena ikiwa kwenye foleni ambako hakuna upepo wa kupoza chochote chini ya boneti.

Wajapani wenyewe wanalijua hili. Kwa magari yao ya petroli yasiyo na tabo, Toyota kwao Japani huruhusu kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa yenye tabo, kilomita 5,000 au miezi sita. Gari linaweza kuwa dogo na la kampuni ileile, ila likiwekewa tabo, kilomita za oili zinashuka hadi theluthi moja. Kwa hiyo mtu akiniambia 5,000 ni "mapema mno", namjibu kwamba kwa Toyota wenyewe ndiyo kikomo cha tabo, na hicho ni cha matumizi ya kawaida, si foleni ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Mimi wateja wangu wa mjini wenye EJ20 nawaita kwenye 3,500 hadi 4,000, kwa oili ya sintetiki kamili. Wa safari ndefu nawaachia 5,000. Likikaa tu nyumbani, miezi sita.

Wenye Volkswagen Golf GTI mtaniambia kitabu chenu kinasema hadi kilomita 30,000 au miaka miwili. Ni kweli, mpango huo upo, lakini umejengwa juu ya oili maalumu na barabara za Ulaya zinazokwenda bila kusimama. Hapa ufuateni kwa hasara yenu.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Ili tabo isukume hewa ya kiasi kilekile, lazima izunguke kwa kasi zaidi. Tabo ya Nairobi inafanya kazi kuliko dada yake wa pwani, kwa oili ileile.

Halafu kuna Naivasha, kule Bonde la Ufa zinakokimbia gari za Safari Rally. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mwaka naona Subaru zikiteremka kwa misafara, na mapenzi hayo nayaelewa. Nchi hii iliona dereva Colin McRae akishinda Safari na Impreza mwaka 1997, na mlio wa injini ile haujatutoka masikioni. Tatizo ni kurudi. Gari linapanda kutoka Mai Mahiu likikanyagwa mpaka chini, tabo imekuwa nyekundu, kisha dereva anasimama pale juu kupiga picha za Bonde la Ufa na kuzima injini papo hapo. Pampu ya oili imesimama. Joto la ekzosi linaingia kwenye beringi, na oili iliyobaki mle inaungua na kugeuka makaa. Makaa hayo huziba njia ya oili kidogo kidogo. Yakibanduka, yanaishia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na safari ijayo pampu huyavuta, na yanayoiponyoka filta huishia kwenye kile kichujio.

Haki isemwe, Subaru waliliona hilo. Tabo yao inapozwa pia na maji ya rejeta, na tangi dogo la maji liko juu yake, hivyo injini ikizimwa maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi kidogo huingia. Inasaidia sana. Ila gari la miaka 20 lenye paipu zilizojaa kutu, lililoongezwa maji ya bomba mara ngapi sijui, usiliamini. Kilomita mbili za mwisho endesha polepole, ukifika liache lingurume dakika moja. Baada ya mlima, dakika mbili.

Kiwango cha oili nacho. Dumu linalouzwa kila duka ni la lita nne, na EJ20 nyingi zenye tabo, ukibadilisha na filta, zinameza lita nne na kitu. Fundi anamimina dumu zima, anafunga boneti, gari linaondoka likiwa chini ya alama ya juu tangu siku ya kwanza. Juu ya hapo, injini hizi hula oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima. Kati ya alama mbili za kijiti ni karibu lita moja, na silinda zimelala, kwa hiyo kwenye kona ndefu oili hukimbilia pembeni na pampu huvuta hewa. Pima asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa sehemu tambarare, futa kijiti na uchovye mara mbili, maana mara ya kwanza hudanganya. Fanya hivyo kila ukijaza mafuta mara mbili.

Nirudi kwa yule bwana. Tabo ilikuwa na mchezo wa mbele na nyuma. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, lakini shafti ikisogea kuingia na kutoka, imekwisha. Mapanga yalikuwa yameanza kukwaruza kuta, na hiyo ina maana vipande vya chuma vimeshaingia kwenye oili. Watu wengi wanakataa hatua inayofuata kwa sababu ya gharama, nami siifungi tabo bila hiyo: nilishusha sampu, nikasafisha paipu ambayo pampu hufyonzea oili na kuikagua kama ina ufa, nikatoa kipoza oili kilicho juu ya filta na kukibadilisha, kwa sababu chuma hujificha mle. Ukiacha mabaki hayo, yanakwenda kwenye beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, na hapo injini inaanza kugonga.

Wapo mafundi wanaotoa wavu na kuacha bolti wazi. Sikubaliani nao. Kama oili ni chafu, wavu ukitoka uchafu unaingia moja kwa moja kwenye beringi. Naweka bolti mpya yenye wavu mpya, naikagua kila baada ya kilomita 30,000.

Tabo ya tatu nilipoifunga, niliijaza oili kwa mkono kupitia tundu la juu, nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, nikazungusha stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazimika. Kisha ndipo nikaiwasha na kuiacha ingurume dakika kumi bila kukanyaga. Bolti ya zamani nilimpa mwenyewe ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye kadi niliandika kilomita 3,500, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, tarehe.