Usawiri wa mwanamke katika filamu: maana yake, tukianzia mwaloni Kibirizi

Alfajiri mwaloni Kibirizi, mjini Kigoma, mitumbwi inarudi na dagaa. Wanaume wamekesha ziwani wakivua kwa taa. Akina mama wanawasubiri ukingoni, vitenge wamevikaza kiunoni, mabeseni mkononi. Kelele zinaanza: huyu anataja bei, yule anaikataa, mwingine anachota dagaa kiganjani, anawatazama, anawarudisha. Wakishapatana, mzigo ni wa mama, na kazi iliyobaki ni yake: kuanika, kugeuza, kuchungulia wingu.

Sasa wape kamera waongozaji wawili. Wa kwanza anaiweka mbele ya mtumbwi: misuli ya wavuvi, kamba, wavu unaometa. Wanawake wanapita nyuma na mabeseni yao, kamera inawafuata kwa mgongoni, chini ya kiuno, na hakuna hata mmoja anayesikika. Wa pili anachutama pale bei inapopatanwa. Anatuonyesha kiganja chenye dagaa, uso unaopiga hesabu, mvuvi anayesubiri jibu. Wanawake ni walewale na asubuhi ni ileile. Kilichotofautiana ni usawiri.

Kusawiri ni kuchora, kukitia kitu sura. Neno hili ni ndugu wa "sura" na "taswira". Wanafunzi wa fasihi hukutana nalo wakisoma riwaya na tamthilia. Kwenye filamu, usawiri wa mwanamke ni jumla ya yale ambayo mwongozaji, au dairekta kama wengi wanavyomwita, ameyachagua mpaka mtazamaji akaondoka na picha fulani ya mwanamke kichwani: amesimama wapi, anaongea na nani, anaamua nini, na mwisho wa kisa yanampata yapi.

Humo ndimo jinsia inamoingia. Jinsi ni maumbile, kuwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii inampangia mtu kwa sababu ya maumbile hayo: kuvua ni kwa mwanamume, kuanika ni kwa mwanamke, baba ndiye msemaji wa mwisho. Filamu inaweza kuyaonyesha majukumu hayo kama mambo yaliyopangwa na watu, au ikayaonyesha kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni.

Wengi hudhani usawiri mzuri ni kumwonyesha mwanamke mwema. Sikubaliani nao. Mama mkwe katili anaweza kusawiriwa vizuri kabisa, mradi tujue anataka nini na anaogopa nini. Mke mvumilivu anayelia tangu mwanzo, kisha mume anarudi na kusamehewa ndani ya dakika moja, husifiwa sana, lakini hatukumwona akifikiri hata mara moja. Kuna na yule binti wa kijijini tuliyemzoea kwenye filamu zetu: anafika Dar es Salaam, nguo zinafupika, anapata mimba au ugonjwa, anarudi kwao analia. Mwanamume aliyekuwa naye haonekani tena. Walitenda wawili, akaadhibiwa mmoja, na aliyeamua iwe hivyo ni aliyetengeneza filamu.

Mwaka 1975, Laura Mulvey, mtaalamu wa filamu wa Uingereza, alichapisha katika jarida la Screen makala iliyolipa jambo hili jina tunaloweza kuliita jicho la kiume. Alisema kwamba katika filamu za Hollywood za miaka ile mwanamume ndiye anayetazama na kukisukuma kisa, mwanamke anatazamwa. Na sisi tuliokaa ukumbini, hata tukiwa wanawake, tunaazimwa macho ya yule mwanamume. Kipo pia kipimo kilichotokea mwaka 1985 kwenye katuni za Alison Bechdel wa Marekani: je, filamu ina wanawake wawili wanaozungumza wao kwa wao juu ya jambo lisilo mwanamume? Ni kipimo chepesi, wala hakitoshi, ila akina mama wa Kibirizi wangekifaulu kabla jua halijachomoza.

Kwangu mimi, wa kumtazama kwa makini ni mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegal (1923–2007). Katika filamu yake La Noire de... ya mwaka 1966, Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Anageuzwa mpishi na mfanya usafi. Mbele ya mabosi wake anasema machache mno, lakini sisi tunaisikia sauti yake ya ndani, kwa hiyo tunamjua kuliko wanaolala naye nyumba moja. Katika Moolaadé ya mwaka 2004, Collé anawakinga wasichana waliokimbia kukeketwa kwa kufunga kamba mlangoni, alama ya ulinzi ambao kijiji kinauogopa kuuvunja. Mumewe, akishinikizwa na kaka yake, anamchapa hadharani ili atamke neno la kuondoa ulinzi ule. Hatamki. Anayechapwa ni yeye, na uamuzi bado uko mdomoni mwake. Macho yetu yote yako hapo. Tena mangariba katika filamu hiyo ni wanawake, wamevaa mavazi mekundu. Sembène hakugawa wema kwa jinsi.

Huku kwetu kuna mkono mwingine unaogusa usawiri. Nimekulia kwenye vibanda vya video vya Ujiji: mabenchi, pazia zito mlangoni, na sauti ya mtafsiri, tuliyemwita DJ, ikipita juu ya filamu ya kigeni. Mwanamke kwenye picha anasema maneno marefu, midomo inacheza, macho makavu. DJ anamaliza kwa kifupi: "Demu kampenda jamaa, anashindwa kusema." Sisi vijana tukapiga makofi. Miaka mingi baadaye niliiona filamu ileile ikiwa na maandishi chini. Kumbe alikuwa anamweleza yule bwana kwamba nyumba ni yake, na anayetakiwa kufungasha mizigo ni yeye bwana.